Kinga Inapoigeukia Neva

Miaka ya 1980, kila kiangazi kilipofika, hospitali za kaskazini mwa China zilianza kupokea watoto waliolala wakiwa wazima na kuamka miguu haiwabebi. Wengi walikuwa watoto wa wakulima wa mkoa wa Hebei na maeneo ya jirani. Udhaifu ulipanda siku kwa siku, kutoka miguuni hadi mikononi, na kwa baadhi yao ulifika kwenye misuli ya kifua wakashindwa kuvuta pumzi. Kwa mbali ugonjwa ule ulifanana na polio. Lakini watoto hawakuwa na homa wakati wa kupooza, na kupooza kwenyewe kulishika pande zote mbili za mwili kwa usawa, jambo ambalo si kawaida ya polio.

Madaktari wa Kichina waliwaita wenzao wa Marekani washirikiane nao. Miongoni mwa waliofika mjini Shijiazhuang walikuwamo Guy McKhann na John Griffin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na Arthur Asbury wa Pennsylvania. Ripoti yao ya mwaka 1991 ilionyesha kwamba neva zilizoumia ni zile zinazopeleka amri kwenye misuli, ilhali neva za hisia zilikuwa salama: mtoto asiyeweza kuinua mguu aliweza kusema ni kidole gani kinachoguswa. Uchunguzi wa damu uliofuata uligundua kwamba wengi wao walikuwa wameambukizwa, wiki chache kabla, bakteria aitwaye Campylobacter jejuni. Bakteria huyu huishi kwenye utumbo wa kuku bila kuwadhuru, na akiingia tumboni mwa binadamu humletea kuhara.

Hapo ndipo penye uzito wote wa jambo hili. Bakteria huyo kazi yake huishia tumboni. Hakuwahi kuzigusa neva za watoto wale. Wengine kuhara kulikuwa kumeshakoma na wamesahau kama waliwahi kuumwa. Kilichoziharibu neva zao ni kinga ya miili yao wenyewe, iliyoandaliwa dhidi ya bakteria wa tumbo kisha ikaenda kushambulia pasipo na adui. Mhadhara huu unahusu kosa hilo la kinga, kwa sababu anayelielewa anajua mgonjwa apewe dawa gani, anyimwe dawa gani, na ni saa zipi zisipotezwe.

Ubongo na uti wa mgongo hutoa neva zinazosambaa mwili mzima, hadi kwenye ncha za vidole na misuli ya koo. Hizi ndizo neva za pembeni. Ndani ya kila neva zimo nyuzi nyembamba ziitwazo aksoni, na nyingi kati ya hizo zimezungushiwa tabaka la mafuta liitwalo mayelini, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Mayelini hutengenezwa na seli za Schwann, zilizojipanga mstari mmoja kando ya aksoni. Kati ya seli moja na nyingine hubaki kipenyo kidogo kisicho na mafuta, na taarifa ya umeme huruka kutoka kipenyo kimoja hadi kingine kwa kasi kubwa, mita 50 au zaidi kwa sekunde. Mayelini ikichubuliwa, taarifa huchelewa au husimama njiani. Aksoni yenyewe ikikatika, taarifa haifiki kabisa.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mayelini iliyochubuliwa huweza kutengenezwa upya katika muda wa wiki au miezi michache. Aksoni iliyokufa huota tena kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka goti la mtu mzima hadi unyayo ni zaidi ya sentimita 40, maana yake ni kwamba neva iliyokatika gotini itahitaji mwaka mmoja na zaidi kufika tena mguuni, ikifika. Mgonjwa anayeuliza "nitatembea lini?" anastahili kupewa hesabu hii kwa uwazi na kwa upole.

Ugonjwa wa watoto wa Hebei ni sura mojawapo ya ugonjwa wa Guillain-Barré, na historia yake ni ndefu. Mwaka 1859 daktari Mfaransa, Jean Landry, aliandika juu ya kupooza kunakoanzia miguuni na kupanda juu. Mwaka 1916, vita kuu ya kwanza ikiwa imepamba moto, madaktari watatu wa jeshi la Ufaransa walichunguza askari wawili waliolegea miguu na mikono na ambao goti halikuruka lilipogongwa kwa kinyundo. Madaktari hao ni Georges Guillain, Jean-Alexandre Barré na André Strohl. Walitoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano wakayapima. Protini ilikuwa imepanda sana, lakini seli nyeupe, ambazo huongezeka kunapokuwa na maambukizi, hazikuwa nyingi. Kipimo hicho bado kinatumika leo katika kila hospitali inayoweza kuchoma sindano ya mgongo. Jina la Strohl, aliyepima umeme wa misuli, lilidondoshwa njiani, na hilo si haki.

Askari wale wawili walipata nafuu, na kwa miaka mingi Guillain alishikilia kwamba ugonjwa huu kwa kawaida huishia kwa kupona. Katika hilo alikosea. Hata kwenye nchi tajiri zenye vyumba vya wagonjwa mahututi vilivyokamilika, kati ya wagonjwa 100 hufa 3 hadi 7. Robo yao hivi huhitaji mashine ya kupumulia. Baada ya miezi 6, mmoja kati ya watano bado hawezi kutembea bila msaada.

Ni nani basi aliyezichubua neva? Jibu lilianza kuonekana mwaka 1955 kwenye maabara ya Byron Waksman na Raymond Adams nchini Marekani. Waksman huyu alikuwa mtoto wa Selman Waksman, ambaye maabara yake ndiyo iliyoleta streptomaisini, dawa iliyookoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu. Mtoto na mwenzake walichukua neva za wanyama, wakazisaga, wakazichanganya na kichocheo cha kinga, kisha wakawachoma sungura. Hawakutia kijidudu chochote. Wiki kama mbili baadaye sungura walilegea miguu, na neva zao zilipotazamwa kwa hadubini zilionekana zimevamiwa na seli nyeupe, mayelini imechubuka. Kinga peke yake, ikishafundishwa vibaya, ilitosha kuleta kupooza.

Mwaka 1969 Arthur Asbury, yuleyule aliyekuja kusafiri hadi China miongo miwili baadaye, alichunguza pamoja na wenzake neva za watu 19 waliofariki kwa ugonjwa huu. Walikuta picha ileile ya sungura: seli nyeupe zimejikusanya kuzunguka mishipa midogo ya damu ndani ya neva, na mayelini imeliwa palepale zilipo.

Lakini kwa nini kinga ikosee hivyo? Swali hili lilimshughulisha Nobuhiro Yuki, daktari wa neva kutoka Japani, kuanzia mwaka 1990 alipoeleza habari za wagonjwa wawili waliopooza baada ya kuhara kulikoletwa na Campylobacter. Ndani ya damu yao alikuta kingamwili dhidi ya gangliosidi iitwayo GM1. Gangliosidi ni mchanganyiko wa mafuta na sukari unaokaa juu ya ngozi ya neva, na GM1 imejaa hasa kwenye vile vipenyo visivyo na mayelini. Yuki na wenzake wakaigeukia ngozi ya bakteria. Wakagundua kwamba sukari zilizopangwa juu yake zinafanana na sukari za GM1 ya binadamu, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule. Mwaka 2004 wakakamilisha ushahidi: sungura waliochomwa sukari ya bakteria, bila bakteria mzima na bila kipande chochote cha neva, walitengeneza kingamwili dhidi ya GM1 na wakapooza.

Kwa hiyo kinga ilifanya kazi yake kama inavyopaswa. Ilimwona mgeni tumboni, ikamtengenezea kingamwili, ikamshinda. Shida ni kwamba kingamwili ileile, ikizunguka na damu, hukuta sukari ya namna hiyohiyo juu ya neva na kuing'ang'ania. Haina njia ya kutofautisha.

Kinachofuata ni cha kasi na cha kikatili. Kingamwili iliyoshikamana na neva huamsha kundi la protini za damu liitwalo komplementi. Protini hizi huungana zikatoboa matundu kwenye ngozi ya seli. Kwenye sura ya ugonjwa iliyoonekana Hebei, matundu hutobolewa kwenye aksoni yenyewe, palepale kwenye vipenyo; milango ya chumvi inayoendesha umeme wa neva huvurugika, na taarifa husimama. Kwenye sura inayoonekana zaidi Ulaya na Amerika Kaskazini, komplementi hutua juu ya seli za Schwann na mayelini huanza kufumuka. Kisha huja makrofaji, seli kubwa zinazokula uchafu na vijidudu, zikajipenyeza chini ya mayelini na kuibandua. Iwapo shambulio litakoma mapema, kabla aksoni haijafa, mgonjwa huweza kuinuka haraka ajabu. Likiendelea, ndipo hesabu ya milimita 1 kwa siku inapoanza.

Ipo pia sura ya tatu, iliyoelezwa na Charles Miller Fisher mwaka 1956, ambayo huanza machoni: mgonjwa huona vitu viwiliviwili, hupepesuka anapotembea, na goti lake haliruki. Hapa kingamwili hulenga gangliosidi nyingine, GQ1b, iliyo nyingi kwenye neva zinazozungusha macho. Mahali mwili unapoumia huamuliwa na sukari inayolengwa.

Kuhara siyo njia pekee. Takriban theluthi mbili ya wagonjwa hukumbuka kuugua wiki chache kabla, na wengine waliugua mafua au kifua. Virusi vya Zika navyo vimeingia kwenye orodha, na hivi vina asili yake Afrika Mashariki: viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, kwenye damu ya tumbili aliyewekwa juu ya mti na watafiti wa homa ya manjano. Kwa miongo mingi hakuna aliyevihesabu kuwa hatari. Kisha mwaka 2013 vikalipuka kwenye visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, katikati ya Bahari ya Pasifiki, na ndani ya miezi michache watu 42 wakapatikana na Guillain-Barré kwenye visiwa ambavyo kwa kawaida huwa na wagonjwa wachache tu kwa mwaka. Miaka miwili baadaye jambo hilohilo likaonekana Brazili na nchi jirani. Virusi vya Ukimwi pia huweza kuuanzisha, hasa katika wiki za mwanzo za maambukizi. Ndiyo maana mgonjwa wa Guillain-Barré katika nchi zetu, seli nyeupe zikionekana nyingi kwenye maji ya uti wa mgongo, hapaswi kuondoka hospitalini bila kupimwa VVU.

Na chanjo? Suala hili lisikwepwe, kwa sababu likikwepwa uvumi hulijaza. Mwaka 1976 serikali ya Marekani, ikihofia mlipuko wa mafua ya nguruwe, ilichanja watu takriban milioni 45 kwa wiki chache. Wagonjwa wa Guillain-Barré waliongezeka kwa takriban mmoja katika kila watu 100,000 waliochanjwa, na mwezi Desemba mpango ukasimamishwa. Julai 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari ya namna hiyo juu ya chanjo ya Janssen dhidi ya Uviko-19, baada ya kupata taarifa za awali za watu 100 kati ya zaidi ya dozi milioni 12. Mwezi huohuo Tanzania ilipokea zaidi ya dozi milioni 1 za chanjo hiyo, na waliochanjwa walistahili kuelezwa jambo hili kwa lugha wanayoielewa. Anayeelezwa huona mwenyewe upande uliozidi: hatari ya takriban mmoja kati ya watu 100,000, mbele ya ugonjwa uliokuwa ukiua. Watu wanaweza kupima mambo wakipewa ukweli wote, na wana haki ya kupewa.

Sasa matibabu. Ikiwa tatizo ni kingamwili zilizo kwenye damu, wazo la kwanza ni kuziondoa. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 1985, yakiwa na wagonjwa 245 wa Amerika Kaskazini, yalithibitisha kwamba kubadilisha plazma, yaani kuitoa sehemu ya maji ya damu yenye kingamwili na kumrudishia mgonjwa seli zake pamoja na maji safi, humfanya atembee mapema zaidi. Mwaka 1992 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba imunoglobulini, yaani kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa maelfu ya wachangia damu wenye afya, zikimwagwa kwenye mshipa kwa siku 5 huleta matokeo mazuri yasiyopungua hayo. Imunoglobulini husaidia ikianzishwa ndani ya wiki 2 tangu udhaifu uanze. Kubadilisha plazma husaidia ndani ya wiki 4. Baada ya hapo faida hupungua sana. Kila siku inayopotea kwenye daladala, kwenye foleni ya rufaa au kwa mganga inakatwa kutoka kwenye wiki hizo.

Jambo moja hapa linapaswa kusemwa kwa sauti kubwa, kwa sababu linakosewa kila uchao. Steroidi haziusaidii ugonjwa wa Guillain-Barré. Akili ya kawaida inasema zingesaidia, maana ni dawa za kutuliza kinga na zinatibu magonjwa mengi ya uvimbe. Lakini mwaka 1978 Richard Hughes na wenzake nchini Uingereza walijaribu prednisoloni kwa utaratibu wa haki, na waliopewa walielekea kuwa na hali mbaya kuliko wasiopewa. Mwaka 1993 jaribio kubwa zaidi, la steroidi yenye nguvu iliyopitishwa kwenye mshipa, nalo halikuonyesha faida. Prednisoloni ni rahisi, iko kwenye kila duka la dawa, na mkono wa daktari aliyebanwa na ndugu wa mgonjwa huikimbilia. Hata hivyo, kumpa mgonjwa wa Guillain-Barré prednisoloni ni kumpa matumaini ya uongo pamoja na sukari ya damu iliyopanda.

Bei ya matibabu yanayofaa ndiyo inayovunja moyo. Mtu mzima wa kilo 60 huhitaji takriban gramu 120 za imunoglobulini, na gharama huweza kuvuka dola 10,000. Familia nyingi za Afrika Mashariki hazina fedha hizo, wala mashine ya kubadilisha plazma haipatikani nje ya hospitali chache za miji mikubwa. Bangladesh ilikuwa katika hali hiyohiyo, tena ina wagonjwa wengi, na madaktari wa Dhaka hawakukaa wakisubiri bei ishuke. Walichukua mifuko ya kawaida ya damu, wakamtoa mgonjwa damu kidogokidogo kupitia mrija kwenye mshipa mkubwa, wakaining'iniza mpaka seli zikazama chini, wakaitupa plazma iliyobaki juu na kumrudishia seli zake. Kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa kwa siku kwa muda wa siku 8. Ripoti yao ya mwaka 2018, juu ya wagonjwa 20 wa mwanzo, ilionyesha kwamba njia hiyo inawezekana na haikuleta madhara makubwa, kwa gharama ya kama dola 500. Ni wagonjwa wachache, na bado haijathibitishwa kuwa inaponya sawa na mashine. Lakini benki za damu zipo Mwanza, zipo Mombasa, zipo Bujumbura. Mifuko ipo, wauguzi wenye ujuzi wapo. Vyuo vikuu vya tiba vya ukanda huu vina sababu zote za kulijaribu jambo hili wenyewe, kwa utafiti ulio wazi na unaosimamiwa vizuri.

Hata pale ambapo hakuna dawa yoyote ya kinga, mgonjwa hajapotea. Shambulio lenyewe hufika kilele ndani ya wiki 2 hadi 4, kisha husimama. Anayevushwa wiki hizo akiwa hai ana nafasi kubwa ya kupona. Kinachoua ni pumzi kukatika usiku bila mtu kujua, moyo kupoteza mapigo kwa kuwa neva zake nazo zimeguswa, mate kuingia mapafuni, damu kuganda kwenye mguu usiosogea. Haya yote huzuilika kwa uangalizi. Kipimo kimojawapo hakihitaji chombo: mwambie mgonjwa avute pumzi ndefu kisha ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, bila kuvuta tena. Asipofika 20, aangaliwe kwa karibu sana na apelekwe penye mashine ya kupumulia kabla hajaanza kuhema. Hii yafaa kurudiwa kila saa chache na kuandikwa kwenye faili. Muuguzi anayefanya hivyo usiku kucha anafanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote ya dawa. Na kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kumnyoosha vidole na vifundo visikakamae, kumsemesha ilhali hawezi kujibu, vyote hivyo ni matibabu. Mgonjwa aliyepooza hadi usoni husikia kila neno linalosemwa kando ya kitanda chake.

Ndugu yake Guillain-Barré ni ugonjwa wa namna hiyohiyo unaokwenda polepole. Udhaifu huzidi kwa zaidi ya wiki 8, hupungua, hurudi, na huweza kudumu miaka. Peter Dyck na wenzake wa Mayo Clinic waliueleza vizuri mwaka 1975, na kinachostaajabisha ni kwamba huu steroidi huutuliza. Neva ni zilezile, mayelini ni ileile, ila kinga hukosea kwa njia nyingine, na dawa isiyofaa kule hufaa huku. Miaka ya karibuni imegundulika kwamba baadhi ya wagonjwa hawa wana kingamwili zinazolenga protini za pembezoni mwa vipenyo, na hao imunoglobulini haiwafai sana. Wanahitaji rituksimabu, dawa inayopunguza seli zinazotengeneza kingamwili. Juni 2024 Marekani iliidhinisha kwa ugonjwa huu dawa nyingine inayozifanya kingamwili ziondoke haraka mwilini. Hatua zote hizo zimetokana na kuuliza swali moja kwa subira: ni sehemu gani hasa ya kinga iliyokosea?

Swali hilo lina maana nzito zaidi kwa ugonjwa ambao Afrika Mashariki inaujua tangu enzi za mababu: ukoma. Gerhard Armauer Hansen alimwona bakteria wa ukoma kule Bergen, Norwe, mwaka 1873, na tangu hapo watu wengi wamedhani kwamba bakteria huyo hula vidole. Havili. Hujificha ndani ya seli za Schwann, kwenye neva zilizo karibu na ngozi: nyuma ya kiwiko, kando ya goti, nyuma ya kifundo cha mguu, usoni. Huweza kukaa humo miaka bila kelele. Sehemu kubwa ya uharibifu hutokea kinga inapomgundua na kumvamia mahali alipojificha. Neva huvimba, huuma, na ndani ya siku chache mkono huanza kulegea na kupoteza hisia. Vidole hupotea baadaye, kwa majeraha na moto ambao mtu hausikii.

Shambulio hilo la kinga mara nyingi huja mgonjwa akiwa tayari ameanza dawa mseto ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza tangu mwaka 1981, na huweza kuja hata baada ya kuzimaliza. Mgonjwa huona mabaka yamewaka, mkono umekufa ganzi, akaamua kwamba dawa ndizo zinazomdhuru. Huacha. Hilo ni kosa linalomgharimu mkono, na lawama si yake ikiwa hakuna aliyemwonya. Dawa za kuua bakteria ziendelee, na juu yake apewe prednisoloni kwa miezi kadhaa, ikipunguzwa taratibu. Hapa steroidi ndiyo inayookoa neva, iwapo itaanza mapema, kabla udhaifu haujazidi miezi 6. Kwa mgonjwa wa ukoma, mhudumu wa zahanati anayejua kupapasa neva ya kiwiko na kumwambia mgonjwa kila mwezi atenge kidole cha mwisho cha mkono mbali na vingine ana uwezo wa kuzuia ulemavu wa maisha.

Upo pia mtandao mmoja ambao nchi zetu zimeujenga bila kuufikiria kuwa ni wa magonjwa ya neva. Kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea kiungo ghafla hutakiwa kuripotiwa, na sampuli mbili za choo chake hukusanywa kwa tofauti ya saa 24, ndani ya siku 14, ili kutafuta polio. Utaratibu huo ndio ulioliwezesha Bara la Afrika kutangazwa Agosti 2020 kuwa limeondokana na polio ya asili, na ndio uliogundua, mwaka 2022, polio iliyoingia Malawi. Sasa, polio ikiwa imekuwa nadra, Guillain-Barré ni miongoni mwa sababu kuu za kulegea ghafla kwa watoto wanaoripotiwa. Sampuli hupelekwa maabara, jibu hurudi "si polio", faili hufungwa. Mtoto mwenyewe yuko wapi? Anapumua? Ugonjwa huu humpata mtu mmoja hadi wawili kati ya kila 100,000 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, Tanzania yenye watu milioni 61 waliohesabiwa katika sensa ya 2022 ingetarajiwa kuwa na wagonjwa 600 au zaidi kila mwaka. Wizara za afya zingeongeza hatua moja tu kwenye fomu hiyo, kwamba kila mtoto asiye na polio apimwe pumzi na apewe rufaa siku hiyohiyo, mtandao uliojengwa kwa gharama kubwa ungekuwa unaokoa watoto wa aina mbili.

Vijijini na mijini, mtu anayelegea miguu ghafla huambiwa amekanyaga kitu, ametupiwa jini, jirani anajua. Maneno hayo huja kwa sababu ugonjwa wenyewe unatisha na unakuja bila taarifa, na wanaoyasema kwa kawaida wanampenda mgonjwa. Wasidharauliwe, waelezwe. Waambiwe kuhusu kuhara kunakotangulia ugonjwa huu kwa wiki chache, wakumbuke wenyewe ni lini, na wataona uhusiano kabla daktari hajamaliza kuzungumza. Shekhe, padri, mchungaji na mganga wa kienyeji nao wafahamishwe dalili hizi, kwa kuwa mara nyingi ndio wa kwanza kumwona mgonjwa.

Kila anayesoma haya na azikumbuke dalili tatu: ganzi au udhaifu ulioanza miguuni pande zote mbili, unaopanda siku hadi siku, kwa mtu aliyeugua tumbo au mafua wiki chache kabla. Apelekwe hospitali yenye kitengo cha wagonjwa mahututi siku hiyohiyo, asisubiri asubuhi, na njiani ahesabishwe kwa pumzi moja. Akifika, ndugu zake wamtajie daktari jina la Guillain-Barré bila kuona haya.